Majagi ya Mapafu

Jumanne asubuhi, siku nne kabla ya harusi ya binti yake, Mshonaji alimuuliza mumewe swali moja tu. Alikuwa na pini tatu mdomoni, kwa hiyo swali lilitoka limebanwa.

"Zawadi gani?"

Mumewe alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Hakuna Shida, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila jambo, liwe kiatu kilichofumuka au paa linalovuja. Aliinamia soli iliyokuwa magotini mwake, akaigongagonga kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Ah, hakuna shida, Mama Mwalimu. Vitu vidogo vidogo tu."

"Vidogo!" Sauti ilitangulia, mwenyewe akafuata. Alikuwa dada yake Hakuna Shida, aliyepewa jina la Spika kwa sababu akisema jambo jikoni, wa barabarani anaitikia. "Wifi, kumbe hujaambiwa? Jumapili, tulipowasindikiza wakwe barabarani, huyu kaka yangu alisimama mbele ya wanawake sita wa upande wa bwana harusi, akainua mkono kama anaapishwa, akasema: Jumamosi, kila mmoja wenu ataondoka na zawadi kutoka nyumba yangu. Tena si plastiki!"

Mshonaji alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. Sare ya shule aliyokuwa akiishona ikabaki imening'inia kwenye mashine, mkono mmoja una upindo, mwingine hauna.

"Na mbona unaniambia leo?"

"Nilidhani mmeshauriana."

"Tumeshauriana!" Mshonaji alimgeukia mumewe. "Baba Mwalimu, sita?"

"Walikuwa wanatutazama," alisema Hakuna Shida kwa sauti ya chini. "Wametazama ukuta, wametazama viti, yule Mama Mkubwa wa bwana harusi akafuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Ulitaka nikae kimya?"

Ile leso Mshonaji na yeye aliiona. Mama Mkubwa alikuwa dada wa mama mkwe, mwanamke mwenye nyumba za kupangisha na kauli fupi. Kiti chenyewe Mshonaji alikuwa amekipangusa asubuhi ile mara mbili.

Binti yao, ambaye nyumbani walimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha watoto wadogo kusoma, alishauri kitu rahisi. Waende wakaseme baba alitania, yaishe.

"Isemwe hivyo halafu uende ukaishi nao?" Mama yake alitikisa kichwa. "Siku utakayozidisha chumvi, wataanza na ahadi ya baba yako ndipo wafike kwenye sufuria. Hapana. Zawadi sita zitapatikana."

Alisema kwa uhakika. Kisha akaenda chumbani, akachukua fedha alizoweka za kununua kitambaa cha gauni lake la harusi, akazitumbukiza mkobani bila kuzitazama, maana angezitazama angeghairi. Gauni lake la zamani la kijivu angeligeuza nje ndani. Upande wa ndani wa kitambaa kile haukuwa umepauka, na mtu asiyeshona asingejua.

Jumatano alfajiri yeye na Spika walikuwa sokoni. Mablanketi yalikuwa mazuri na bei yake ilikuwa ya kutisha. Vikombe vya udongo vilikuwa vya bei nafuu, ila kila seti ilikuwa na kimoja kilichovunjika sikio. Mapambo ya plastiki yalijaa kila meza, maua ya plastiki, matunda ya plastiki, hata mbwa wa plastiki mwenye kutikisa kichwa. Kila walipopita, Spika alitangaza: "Si plastiki! Kaka yangu keshasema si plastiki!" mpaka wauza plastiki wakaanza kuwazomea.

Ndipo wakafika kwenye duka la zawadi lenye mlango wa kioo unaofunguka wenyewe. Mlango ulipofunguka, Spika alirudi nyuma na kuupisha, akidhani kuna mtu anatoka.

"Ingia, wifi, ni sisi umetufungukia," alisema Mshonaji, na moyo wake ulikuwa unadunda kama wa msichana aliyetoroka shule.

Ndani kulikuwa kimya na kunanukia. Na kwenye rafu ya katikati, penye mwanga wa dirisha, palikuwa na majagi ya kioo, ya buluu, kila moja limejaa tumboni na limebana shingoni, na mpini uliojikunja kama sikio. Hayakufanana hata mawili. Mshonaji aliunyoosha mkono wake bila kujua. Mwanga uliopita kwenye jagi ukamwagikia vidole vyake, na vidole vile, vyenye alama za sindano miaka yote, vikawa vya buluu.

"Mama, hapa tunatazama kwa macho," alisema msichana muuzaji.

"Na mwenzio alikuwa anatazama kwa nini?" aliuliza Spika.

Mshonaji alisoma bei iliyobandikwa chini ya rafu. Aliisoma tena, akidhani labda zile sifuri za mwisho ni mapambo. Hazikuwa mapambo. Fedha zake zote zilitosha mpini na pengine mdomo wa jagi moja.

Alikuwa anageuka aondoke wakati mwanamke mmoja alipotokea kwa nyuma ya duka akiwa amebeba kreti la mbao lililojaa maranda. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kifua kipana na makovu ya moto mikono yote miwili kama mtu aliyevaa mikono ya gauni yenye nakshi. Mwenye duka alimpokea bila kumpa kiti. Alitoa majagi kwenye maranda, moja baada ya jingine, akayainua kwenye taa na kuyarudisha.

"Haya manne siyachukui. Yana mapovu."

"Ni povu mojamoja, bosi. Mtu akipuliza kwa mdomo wake, povu litakuwepo."

"Wateja wangu hawalipii povu. Na ukija siku nyingine usiingie hadi huku mbele, unanimwagia maranda."

Spika alimbana Mshonaji ubavuni. Hakusema neno, na hiyo peke yake ilionyesha jinsi jambo lilivyokuwa kubwa.

Walitoka mbio mbio, na ndiyo sababu mlinzi akawasimamisha. Alipekua mkoba wa Mshonaji, akatoa futi ya kupimia, chaki, na mkasi mdogo.

"Mkasi wa nini dukani?"

"Wa kukatia nyuzi. Mimi nashona."

"Umenunua nini?"

"Hajanunua kitu huyo!" msichana muuzaji alisema kutoka ndani. "Alikuwa anashangaa tu!"

Wateja wawili wakageuka kumtazama. Mshonaji alihisi masikio yanawaka. Alirudishiwa mkasi wake, akaushika mkononi bila kuurudisha mkobani, akamfuata wifi yake nyuma ya jengo.

Yule mwanamke alikuwa ameketi juu ya kreti kwenye kichochoro, anafunga kamba polepole kuliko kamba ilivyohitaji.

"Dada, samahani," alisema Mshonaji.

"Duka liko mbele."

"Hatutaki la mbele. Tunataka hayo manne."

Mwanamke aliinua macho. "Mnayataka kwa kuwa ni mazuri, au kwa kuwa mmesikia yakitukanwa?"

"Kwa yote mawili," alisema Mshonaji. "Uzuri wake niliuona kabla hayajatukanwa. Na yasingetukanwa, nisingeyaweza."

Mwanamke alicheka kidogo, kwa pua. Spika akaona mlango umefunguka, akaingia na miguu yote. "Basi utupunguzie, dada yangu, maana hata mwenye duka mwenyewe amesema yana..."

"Basi nendeni mkanunue kwake!" Mwanamke alisimama na kreti lake.

"Wifi, nyamaza!" Mshonaji alimshika yule mwanamke mkono, akahisi ngozi yake ilivyokuwa ngumu. "Msamehe, mdomo wake hauna breki. Dada, mimi ni mshonaji. Watu hunijia na gauni nililokesha nalo, wanaligeuza huku na huku wakitafuta uzi mmoja uliochomoza ili wanipunguzie. Taja bei yako. Ikinishinda nitasema imenishinda, sitasema jagi ni baya."

Mwanamke aliweka kreti chini. Akataja bei. Ilikuwa ndogo kuliko ya blanketi, ila kwa Mshonaji ilikuwa kubwa kuliko aliyowahi kuitoa kwa kitu kisicholiwa wala kisichovaliwa.

"Nataka sita."

"Ninayo manne."

"Harusi ni Jumamosi."

Mwanamke alitazama jua, akahesabu kitu kimoyomoyo. "Jagi likitoka motoni sharti lilale kwenye tanuri la kupoozea, lipoe taratibu, la sivyo hupasuka lenyewe hata kama hakuna aliyeligusa. Nikiyatengeneza leo, Ijumaa mtayachukua. Lakini iwe sasa hivi, moto wangu haungoji."

"Twende!" Spika alikuwa ameshainua upande mmoja wa kreti.

Karakana ilikuwa nyuma ya ghala la mbao, bati juu na kuta tatu tu, wa nne ukiwa umeachwa wazi joto litoke. Nje palikuwa na vilima vya chupa zilizooshwa: za soda, za dawa, za mafuta ya nywele, kila rangi kilima chake. Majirani walimwita yule mwanamke Mapafu, naye aliitika jina hilo kama mtu anavyoitika cheo. Mumewe, mtu mpole asiyesikia vizuri kwa sababu ya ngurumo ya moto, kazi yake ilikuwa kulisha tanuri mafuta machafu ya gereji. Aliwapungia mkono akaendelea.

Mapafu alivaa aproni ya ngozi, akafungua kijidirisha cha tanuri. Mshonaji alifumba macho, kisha akayafumbua kidogokidogo. Ndani kulikuwa kweupe, si kwekundu kama alivyotarajia. Mapafu aliingiza bomba refu la chuma, akalizungusha kama mtu anayechota asali nzito kwa kijiti, akalitoa na donge la moto likining'inia nchani.

"Mungu wangu, ni kioo hicho?" Spika alinong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika hadi kwenye ghala.

"Ni chupa ya dawa ya tumbo," alisema Mapafu, akaanza kuliviringisha donge juu ya bamba la chuma. Alilileta bomba mdomoni. Mashavu hayakutuna kama Mshonaji alivyofikiria. Ni kifua kilichosukuma, pole pole, na ndani ya donge kikatokea kitone cha hewa, kikawa yai, kikawa chungwa. Alilirudisha motoni, akalitoa, akalipuliza, akalining'iniza likarefuka lenyewe, akalishika tumboni kwa gazeti lililoloa maji mkononi mwake. Gazeti likatoa moshi. Mshonaji alijikuta ameshika mashavu yake mwenyewe kwa mikono miwili.

Halafu Mapafu akachukua donge jingine dogo, akalivuta kama ulimbo kutoka begani mwa jagi, na kwa mkono wa kushoto akachukua mkasi, akalikata.

"Anakata kioo kwa mkasi!" Mshonaji alipiga ukelele. "Wifi, umeona? Kwa mkasi! Kama mimi!"

"Kama wewe," alisema Mapafu, na akaucheka ukelele ule, huku akikunja mpini ukakaa kama sikio.

"Na hayo makovu? Moto unauma sana?"

"Kioo chekundu hakiniumizi, kinanionya. Kinachonipata ni kile kilichopoa kidogo. Ukikitazama, hakina tofauti na kilichopoa kabisa."

Jagi la tano liliingia kwenye tanuri la kupoozea. Ndipo Spika akashindwa kujizuia. Aliomba. Alisihi. Alisema yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu na huenda asipate nafasi nyingine mpaka kaburini. Mapafu alimtazama, akamtazama Mshonaji, akamkabidhi bomba lenye donge la buluu nchani. "Polepole, mama. Kama unapoza chai ya mtoto."

Lakini Spika hakuwahi kupoza chai ya mtu polepole. Alivuta hewa yote ya kichochoro kile, akapuliza. Donge likafura, likawa jepesi kama ganda la kitunguu, likang'aa kwa nukta moja likiwa na rangi zote duniani, kisha likapasuka, pwaa, vipande vikapepea hewani na kutua mchangani.

Mume wa Mapafu, ambaye hakusikia kitu ila aliona, alianza kucheka. Akacheka hadi akaketi kwenye debe la mafuta. Mapafu akashindwa kujizuia, na Mshonaji akamfuata, wote wakacheka mpaka machozi, na Spika amesimama na bomba lake kama askari aliyeishiwa risasi.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Mshonaji alipopata pumzi.

Mapafu alichungulia tanurini, na kicheko kikakatika. "Buluu ndiyo imekwisha, na kuyeyusha nyingine ni hadi kesho. Hivyo vipande vimeingia mchanga, haviyeyuki vizuri. Chungu cha kuyeyushia kilichobaki kina kijani."

Furaha ya Mshonaji ilishuka hadi magotini. Matano ya buluu na moja la kijani! Mmoja kati ya wale sita angejiona ametengwa. Lakini hapakuwa na siku nyingine, wala fedha nyingine. "Tengeneza la kijani," alisema. "Ila lifanye zuri kuliko yote."

Mapafu alilifanya. Lilipotoka lilikuwa na rangi ya jani changa likipigwa na jua, na karibu na mpini lilikuwa na mapovu matatu madogo yaliyofuatana.

Ijumaa waliyabeba nyumbani kwenye karai, kila jagi limezongwa vipande vya vitambaa vya sare. Mshonaji alibeba karai kichwani, na Spika akatangulia akisafisha njia: "Pisheni! Pisheni, jamani, kioo kinapita!" Wapanda baiskeli walisimama. Kuku walikimbia. Mtu mmoja alivua kofia, akidhani ni msiba.

Walipoyapanga juu ya meza ya kukatia vitambaa, Mwalimu alinyanyua moja, akalielekeza dirishani, akaanza kurukaruka kama wanafunzi wake. "Mama! Haya ni ya kwetu? Ya kwetu kutoa?"

"Yametoka wapi?" aliuliza Hakuna Shida, macho yamemtoka.

"Nyuma ya ghala la mbao. Kuna mama mmoja anapuliza kwa..."

Lakini mumewe alishaacha kusikiliza. Alikuwa amesimama wima, mdomo unachezacheza, na mkewe alijua anatunga hotuba.

Jumamosi ilikwenda vizuri kuliko walivyoomba. Mwalimu aliolewa, watu wakala, hema halikuvuja. Hakuna aliyegundua gauni la kijivu. Saa kumi alasiri, wanawake sita wa upande wa bwana harusi waliketishwa mstari wa mbele, na Hakuna Shida akaibuka na karai, suti yake ya kuazima ikimpwaya mabegani.

Alianza kugawa. Jagi la kwanza lilipotoka kwenye vitambaa na kupigwa na mwanga, watu waliguna wote kwa pamoja. Mama mkwe, mwanamke mnyamavu mwenye kuuza dawa, alilishika kwa mikono miwili, akasema tu, "Jamani!" La pili, la tatu, la nne, la tano. Mshonaji alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, ameshikana mikono na Spika, wanabanana vidole kwa furaha.

La sita lilikwenda kwa Mama Mkubwa. Nalo lilikuwa la kijani.

Mama Mkubwa aliligeuza juu chini akitafuta karatasi ya kiwanda. Hakuipata. Alitazama majagi matano ya buluu pembeni yake.

"Mbona langu si kama ya wenzangu?"

"Hilo," alisema Hakuna Shida, akavuta pumzi, "hilo ni maalumu! Haya yote yametoka ng'ambo, mkwe wangu. Tuliyaagiza. Na hilo la kijani ni moja tu, hawatengenezi mengi."

"Ng'ambo wapi?"

"Ng'ambo... kule kule wanakotengeneza."

"Mbona lina mapovu?"

Hakuna Shida alichungulia ndani ya karai tupu kana kwamba jibu limebaki humo. Watu walikuwa wanamtazama. Wengine walianza kutabasamu kwa pembe za midomo. Mshonaji aliona shingo ya mumewe inalowa jasho ndani ya kola ya kuazima, akamhurumia. Lakini aliona pia mikono ya Mapafu, yenye makovu hadi viwikoni, ikisukumwa ng'ambo kwa neno moja kana kwamba haikuwahi kuwepo. Alimwachia Spika vidole, akajitokeza.

"Hayakutoka ng'ambo," alisema. Sauti ilitetemeka mwanzoni. "Yametengenezwa hapa hapa mjini, nyuma ya ghala la mbao, kwa chupa kuukuu. Mwanamke mwenzetu ameyapuliza kwa kifua chake. Mawili kati yake niliyaona kwa macho yangu yakitoka motoni, hilo la kijani likiwa mojawapo. Hayo mapovu ni pumzi yake. Mume wangu alitaka mjue kwamba tumewaheshimu, ndiyo maana akayapeleka mbali. Lakini heshima yenyewe imetoka karibu."

Mama mkwe aliinua jagi lake, akaliweka karibu na jicho. "Nimeliona," alisema taratibu. "Povu la kwangu liko hapa, chini ya mdomo." Mabinti zake wakaanza kutafuta na wao, wakionyeshana.

Mama Mkubwa hakutafuta. Watu walipoondoka, jagi la kijani lilibaki mezani, katikati ya sahani chafu.

Jumapili yote Hakuna Shida aligonga soli, amempa mkewe mgongo. Jioni ndipo aliposema, akiwa ameuelekea ukuta.

"Ulinivua nguo mbele za watu."

"Ulikuwa umeshajivua, Baba Mwalimu. Mimi nilikuwa natafuta cha kukufunika, nikakipata hicho."

Jumatatu asubuhi Mshonaji alimkuta amelijaza jagi la kijani maji, ameliweka kando ya kigoda chake penye jua, na kila baada ya misumari miwili mitatu anasimamisha nyundo kulitazama.

Hapo ndipo Mama Mkubwa alipotokea, peke yake, kwa miguu. Spika, aliyekuwa anapepeta mchele, aliacha ungo.

"Karibu, mkwe," alisema Mshonaji, akatafuta kiti. Mama Mkubwa alikaa kabla hakijapanguswa.

"Nimekuja kuchukua jagi langu."

"Ahaa, ulilisahau!" alisema Spika.

"Sikulisahau. Nililiacha." Mama Mkubwa aliangalia mikono yake. "Jana nilikuwa kwa mdogo wangu. Wameyapanga dirishani, wanashindana povu la nani ni kubwa. Wazee wazima! Wanapiga kelele kama watoto. Na mimi nimekaa hapo sina hata la kuonyesha." Alivuta magotini mkoba wake wa bei ghali. "Nilidhani mmenipa la kijani makusudi. Najua ninavyosemwa."

"Buluu ilikwisha," alisema Mshonaji. "Huyu wifi yangu aliipasua kwa kupuliza."

"Kwa kupuliza?"

"Kwa nguvu kidogo," alisema Spika.

Mama Mkubwa alimtazama, midomo ikamcheza, halafu akacheka, kicheko kikubwa kisicholingana na mkoba wake. Kisha akamgeukia Hakuna Shida. "Nawe, mkwe, hebu niambie tena. Limetoka wapi?"

Hakuna Shida alimwaga maji polepole kwenye ndoo. Alilifuta jagi kwa pindo la shati, ndani na nje, akasimama, akampa kwa mikono miwili.

"Limetoka nyuma ya ghala la mbao," alisema. "Kuna mama mmoja anaitwa Mapafu. Mimi mwenyewe sijafika. Nilisema ng'ambo kwa sababu niliona aibu."

Mama Mkubwa alilielekeza jagi kwenye jua, akayaona yale mapovu matatu yaliyofuatana, akashusha pumzi. "Nina wapangaji wanane," alisema. "Mwisho wa mwaka huwapa kalenda. Nipelekeni kwa huyo mama."

"Leo?"

"Kwani moto wake unangoja?"

Spika alikuwa ameshavaa viatu. Alitangulia na Mama Mkubwa, jagi likiwa kati yao, na hadi kona ya mtaa walisikika wakibishana jinsi mtu anavyopaswa kuvuta hewa. Hakuna Shida alifunga misumari yake kwenye kopo, akaingiza kigoda ndani, akafunga mlango. Alitembea kando ya mkewe hatua kadhaa.

"Mama Mwalimu," alisema hatimaye. "Kwani huwa anafanyaje, huyo mama? Anaanza na nini?"

Mshonaji alimtazama kuhakikisha anauliza kweli. Kisha akainua mikono yote miwili hewani, kana kwamba ameshika bomba refu la chuma, akaanza kumweleza, na Hakuna Shida akasikiliza mpaka mwisho.